Kukunja, kuteleza au mbao: mlango gani wa barazani kwa nyumba ya Mombasa?

Katika ukoo wetu kuna milango mitatu mikubwa ya kutokea barazani, na kila mmoja una wakili wake. Dada yangu anaishi Nyali, upande unaotazama bahari. Wake ni wa alumini, wa kukunja, paneli nne. Mimi niko ghorofa ya tatu Bamburi na wangu ni wa kuteleza, paneli mbili, niliukuta nilipohamia. Mjomba yuko Kizingo, na wake ni wa mvule, wa kukunja, umri wake unakaribia wangu. Kila Idi tukikaa kwa biriani, sahani hazijaondolewa mtu ameshaanza kuuponda mlango wa mwenziwe.

Sasa binamu yetu anajenga Mtwapa. Ameacha pengo la mita 3.6 kwa 2.1, yaani futi kumi na mbili kwa saba, kati ya sebule na baraza, na amenitumia picha kumi na saba za milango ya kukunja. Zote nzuri. Zote pia ni za nyumba ambazo hazijawahi kupigwa na kusi. Nimemjibu kwa urefu, na kwa kuwa swali lenyewe naulizwa mara kwa mara, naliweka hapa kwa yeyote aliyekwama alipokwama yeye. Nitatumia pengo lake kuwa mfano.

Nitangulize jambo moja. Wengi huuchagua mlango huu kwa kuangalia juu, kwenye kioo na rangi. Baada ya kuishi na hii mitatu, mimi huangalia chini, kwenye reli na kizingiti, maana mchanga, chumvi na maji huishia hapo, na mlango huanza kufa kuanzia hapo.

Mizani kwanza

Nimeipima milango yote kwa mambo matano yaleyale.

La kwanza ni uwazi na hewa. Ukiufungua wote, unabakiwa na pengo kiasi gani? Na ukiufunga, je, hewa bado inapita? Swali la pili husahauliwa, ilhali mlango hukaa umefungwa saa nyingi kuliko unavyokaa wazi.

La pili ni chumvi. Si lazima uyaone maji ya bahari kutoka kwako. Pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi, kilambe, utajua unaishi wapi.

La tatu ni mvua inayokuja na upepo. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na masika huja nayo, Mei ukiwa ndio mwezi mzito. Mvua hiyo hupiga ubavuni. Nyumba inayotazama kusini-mashariki huipokea usoni. Kaskazi, Desemba hadi Machi, shida yake ni jua na vumbi.

La nne ni usalama: wezi, vidole vya watoto, na mbu. Mbu si jambo la pembeni mji huu. Mombasa imepitia milipuko ya homa ya dengi, 2013 na tena 2017, na mbu anayeieneza huuma mchana, saa zilezile unazotaka mlango uwe wazi. Ukipenda ongeza kunguru. Dada yangu amepoteza mahamri mangapi hata hesabu ameacha.

La tano ni ufundi na pesa, za leo na za baadaye. Bei sitazitaja kwa tarakimu, maana hupanda na kushuka kila mwezi. Nitasema tu nani yuko juu ya nani.

Alumini wa kukunja

*Uwazi na hewa.* Hapa hauna mpinzani. Katika pengo la mita 3.6, paneli nne zikikunjwa zikabanwa pembeni, unabaki na kama mita 3.2 wazi. Sebule na baraza vinakuwa chumba kimoja, na siku ya shughuli watu hupita na masinia bila kugongana. Lakini ukiufunga, umefunga kweli. Hewa haipiti popote. Kwa hivyo jiulize kwa haki ya Mungu: kwa mwaka, ni siku ngapi utaufungua wote? Dada yangu alipohesabu, alifika siku kama arobaini. Siku nyingine zote hufungua paneli moja au mbili kama watu wengine.

Tena hapo kuna mtego. Paneli zake nne zinakunjika zote upande mmoja, na akitaka kwenda kuanika nguo hana mlango mdogo wa kupitia. Lazima akunje mbili. Angegawa tatu upande huu na moja upande ule, ile moja ingekuwa mlango wa kila siku, wenye kitasa chake. Kugawa hivyo hakuongezi gharama ya maana, ila lazima kuamuliwe kabla ya kukata fremu. Baadaye ndiyo basi.

Paneli zilizokunjwa nazo zinataka mahali. Zikifunguka nje, zinasimama barazani kwa upana wa paneli moja, hapa sentimita 90, na lazima ziwe na ndoano ya kuzishika ukutani. Kusi ikizikuta huru, itazipigapiga mpaka kioo kiseme.

*Chumvi.* Alumini yenyewe haishiki kutu kama chuma, na hilo huwafanya watu walale usingizi. Kinachoiua ni vitu vidogo vinavyoishikilia. Skrubu ya chuma cha kawaida ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, baada ya muda utaona unga mweupe kuzunguka kichwa chake, na chini yake machozi ya kahawia. Mlango wa kukunja una bawaba nyingi kuliko wowote, kwa hivyo una skrubu nyingi kuliko wowote. Skrubu na bawaba za chuma kisichoshika kutu zina madaraja: 304 ni la kawaida, 316 limeongezwa molibdeni na huvumilia chumvi zaidi. Dukani zote zinang'aa sawa, na sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Taka namba iandikwe kwenye risiti.

Kuhusu rangi, ile ya unga iliyookwa ndiyo ya kawaida, unene wake mikroni 60 hadi 80. Karibu na ufuo uliza pia alumini ilisafishwaje kabla ya kupakwa, maana rangi huanza kuvimba pembeni, palipokatwa.

*Mvua.* Ufungue nje. Ukifunguka nje, upepo wa kusi unausukuma dhidi ya fremu na raba zinabanana zaidi. Ukifunguka ndani, upepo huohuo unautafutia mwanya. Kizingiti kilicholala sawa na sakafu kinapendeza kwenye picha na kinamfaa mwenye kiti cha magurudumu, lakini kama baraza haina paa la kutosha, Mei utakuwa na ndoo mkononi. Kilichoinuka kidogo huzuia maji vizuri zaidi na humgonga mgeni kidole.

Hapa niwaeleze kilichompata dada yangu. Mlango wake ulianza kulia mwaka wa pili. Si kukwama, kulia, sauti ya paka aliyekanyagwa, kila asubuhi. Fundi aliyeufunga alikuwa ameshahama simu. Tukapata mwingine, mtu mzima wa Kisauni, akaja na bisibisi bapa na mswaki wa meno. Akapiga magoti, akachokonoa reli ya chini kama daktari wa meno. Ukatoka mchanga, sisimizi wakavu, kokwa ya tende, na ukoko mweupe mgumu kama wa birika.

“Mama, mlango wako si mbovu,” akamwambia. “Umeshiba mchanga.”

“Fundi, na mimi huuosha kila wiki!”

“Waosha kioo, mama. Hapa chini hapaoshwi.”

Kisha akatuonyesha jambo la pili. Kwenye kizingiti kuna matundu madogo ya kutolea maji yanayoingia kwenye reli. Fundi wa kwanza alikuwa ameyaziba yote kwa silikoni, kwa nia njema, akidhani yatavujisha. Maji yalikuwa yanasimama humo wiki nzima, yakikauka na kuacha chumvi. Akayazibua, akamwaga kikombe cha maji, tukasikia yakitoka nje. Rola mbili zilikuwa zimeshaliwa, zikabadilishwa. Mlango ukanyamaza.

*Usalama.* Viungo ni vingi, lakini komeo za juu na chini zikiwa nzuri, mlango huu si dhaifu. Tatizo la Mombasa ni grili. Wengi hatulali bila grili, na grili ya mlango wa kukunja lazima nayo ikunjike au iteleze mita tatu na nusu, na hiyo ni bei ya mlango mwingine. Wanaoikwepa hutumia kioo cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati: kikivunjwa hakianguki, na mwizi anatoa jasho na kelele. Wavu wa mbu wa upana huo upo, wa kujikunja kama feni ya mkono, na si rahisi. Watoto wadogo wafundishwe mapema kuwa kati ya paneli si mahali pa vidole.

*Ufundi na pesa.* Ndio wenye gharama kubwa kati ya milango miwili ya alumini, na ndio usiosamehe kosa. Hesabu uzito. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa kila mita ya mraba. Paneli ya sentimita 90 kwa mita 2.1 ina kioo cha kilo 28 hivi. Zote nne, kilo 113, alumini haijaingia. Ni mifuko miwili ya saruji na ziada, inayotembea.

Uzito huo unabebwa na nani? Kuna milango inayoning'inia kwenye reli ya juu na kuna inayokaa kwenye reli ya chini. Unaoning'inia hauna rola mchangani, na kwa ufuoni ni nafuu kubwa, ila linta, ile boriti iliyo juu ya pengo, ikipinda milimita chache tu mlango unakwaruza. Unaokaa chini hauisumbui linta, lakini rola zake zinaishi na mchanga. Anayejenga upya, kama binamu yangu, anaweza kumwaga linta nene yenye nondo za kutosha akachagua wa kuning'inia. Mwenye nyumba ya zamani asiyejua ndani ya linta kuna nini aende na wa chini, na anunue mswaki.

*Unamfaa nani.* Mwenye baraza yenye paa pana, anayepokea watu wengi, na ambaye ana mtu wa kuosha reli. Si wa nyumba ya likizo inayofunguliwa Desemba na Agosti tu.

Alumini wa kuteleza

*Uwazi na hewa.* Paneli mbili kwenye mita 3.6 hukupa nusu tu, mita 1.8. Ukiweka tatu kwenye reli tatu, unapata theluthi mbili, mita 2.4. Lakini unaweza kuufungua shubiri moja ukauacha hapo. Hautembei kwa upepo, haugongi, hauhitaji ndoano. Mimi hulala nao ukiwa wazi upana wa kiganja, kwa kuwa niko ghorofa ya tatu. Wa kukunja hauna jambo hilo. Tena hauli nafasi, na kibaraza changu kina upana wa kiti kimoja na ndoo ya nguo, kwa hivyo paneli iliyokunjwa ingekaa wapi?

*Chumvi.* Skrubu chache, hakuna bawaba, kwa hivyo pa kuliwa ni pachache. Shida imejikusanya mahali pamoja: rola za chini na reli yake. Paneli moja ya mita 1.8 ina kioo cha kilo 57 hivi, na zote zimelala kwenye rola mbili zisizozidi ukubwa wa kokwa ya embe. Rola zikishika chumvi utaanza kuusukuma kwa bega.

*Mvua.* Hapa niseme ukweli ingawa ni wangu. Paneli za kuteleza haziwezi kubanana na fremu kama zinazofunga kwa kusukumwa. Kati yake kuna manyoya ya kuzuia upepo, na manyoya hayazuii kusi ya Juni. Wangu hupiga mluzi. Maji yakipigwa kwa nguvu hujaa relini, na matundu yakiwa mazima yanatoka, yakiziba yanakuja kukusalimia kwenye zulia. Ipo ya kuteleza inayonyanyuka na kujibana ikifungwa, mizuri sana, ila bei yake inapanda hadi unajikuta umerudi kwenye wa kukunja.

*Usalama.* Hakikisha kuna vizuizi juu vya kuzuia paneli isinyanyuliwe na kutolewa relini kutoka nje. Ni ujanja wa kale na bado wafanya kazi. Kwa grili na wavu, huu ndio rahisi kuliko yote. Wavu unateleza kwenye reli yake pembeni, na ukichanika unabadilishwa nusu saa.

*Ufundi na pesa.* Wa bei ya chini kati ya mitatu, kwa ukubwa uleule. Karibu kila fundi wa alumini anaujua, na rola zake zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya alumini bila kungoja meli. Usiudharau kwa sababu ni wa kawaida.

*Unamfaa nani.* Wa ghorofani, mpangishaji, mwenye baraza nyembamba, na mwenye bajeti iliyobanwa ambaye angependa pesa iliyobaki iende kwenye kioo bora.

Mbao wa kukunja

*Uwazi na hewa.* Uwazi wake ni kama wa alumini, pungufu kidogo kwa kuwa mbao ni nene. Lakini una turufu ambayo kioo hakina: luva, vile vibao vya mlazo vinavyopitisha hewa katikati yake. Mlango wa mjomba una luva kuanzia kiunoni hadi juu. Ameufunga, amekaza komeo, umeme umekatika, na bado hewa ya bahari inapita sebuleni na jirani haoni ndani. Saa nane mchana mwezi wa Februari, hakuna mtu katika ukoo wetu anayebishana na mjomba kuhusu hili. Hasara yake ni giza. Ukiufunga, mandhari umeyafunga pia.

*Chumvi.* Mbao haijali chumvi, ila bawaba zinajali. Za shaba ndizo za jadi na zinaishi. Adui wa mbao ni unyevu na mchwa. Mvule na mbambakofi huvumilia mchwa vizuri. Mninga wa Tanzania hautetereki sana kwa unyevu. Mbao laini zilizopakwa rangi ya mvule zipo nyingi pia, kwa hivyo kwangua upande wa ndani uone.

*Mvua.* Mbao hunywa na kuvimba, kwa upana wake, si kwa urefu. Iliyokaushwa bara ikishuka Pwani hukuta hewa nyingine kabisa. Iache ikae hapa wiki kadhaa kabla seremala hajaikata. Mjomba alijifunza hili kwa gharama. Mwaka mmoja mlango ulikaza katikati ya masika, akamwita seremala, akapiga randa hadi ukateleza kama siagi. Januari mbao ikakauka, na kati ya paneli ukapita mwanga wa kusomea gazeti. Mlango ukikaza Mei, vumilia. Ukikaza mpaka Januari, hapo piga randa.

Kila mwaka kabla ya mvua huupaka mafuta, hasa kwenye ncha za chini, maana mbao hunywa zaidi pale nyuzi zake zilipokatwa. Jirani yake alijaribu sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia majahazi. Jahazi halina sebule. Nyumba ilinuka hadi Ramadhani.

*Usalama.* Mbao ngumu yenye komeo nzito haivunjwi kimya kimya, na wengi huona hawahitaji grili. Luva hazizuii mbu. Wavu unawekwa upande wa ndani kwenye fremu yake. Kunguru hapati kitu.

*Ufundi na pesa.* Mvule wa kweli ni ghali, na mlango wa kukunja wa mvule unaweza kuupita wa alumini. Ugumu mkubwa zaidi ni mtu. Seremala wa milango ya kawaida ni wengi. Wa kupanga paneli nne nzito zikunjike bila kuning'inia ni wachache. Omba uuone mlango aliotengeneza miaka mitano nyuma, si wa wiki iliyopita. Faida yake ni kwamba kila kitu kinatengenezeka. Luva ikivunjika, inachongwa nyingine.

*Unamfaa nani.* Anayetaka hewa bila kiyoyozi, mwenye nyumba ya mawe ya zamani, na anayefurahia kuutunza mlango. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Huko usibadilishe mlango unaotazama nje bila idhini, na mara nyingi mbao ndiyo itakayokubaliwa.

Milango ya plastiki ngumu na ya chuma ipo pia. Ya plastiki haijali chumvi, ila kwa pengo refu inataka kuimarishwa kwa chuma ndani, la sivyo inalegea kwa jua. Ya chuma mita mia kutoka baharini ni kazi ya brashi na rangi maisha yako yote. Naishia hapo.

Kabla fundi hajatoboa

Haya ni yaleyale kwa mlango wowote utakaochagua.

Maliza kwanza hesabu ya sakafu. Fundi lazima ajue vigae vitafika wapi ndani na nje. Baraza iwe chini ya sebule, na iteremke kuelekea nje sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Nimeona baraza iliyoteremka kuelekea mlangoni. Hapo hata mlango wa Fort Jesus ungevuja.

Pima upana mahali patatu, kimo mahali patatu, na mishazari miwili. Chukua kipimo kidogo kabisa, kisha acha nafasi ya milimita chache kila upande. Kioo kigumu kinachovunjika chembechembe hakikatwi tena baada ya kupikwa kiwandani. Kosa la sentimita moja ni kioo kipya. Nafasi hiyo si ya makosa tu. Alumini ya mita 3.6 ikipanda nyuzi 40, na fremu nyeusi juani hufika huko, hurefuka zaidi ya milimita 3. Usipoiachia pa kwenda, itajitafutia.

Kuta zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, na jiwe hilo ni laini. Plagi fupi ya skrubu inang'oka na unga wake. Taka nanga ndefu, zile bolti za kushika ukutani, na penye bawaba au nguzo ya kubeba uzito, zege iliyomwagwa. Fremu isimame kwa timazi na pimamaji kabla ya povu wala silikoni yoyote. Silikoni haisahihishi mlango uliopinda. Funika alumini wakati wa kupiga plasta, maana saruji mbichi huacha madoa yasiyotoka, kisha bandua plastiki ya kiwandani mapema kabla jua halijaigandisha.

Ikiwa unapanua pengo kwa kubomoa ukuta, hiyo si kazi ya mlango tena. Tafuta mhandisi, na kibali cha kaunti. Ghorofani, anza na wasimamizi wa jengo.

Bei ulizopewa ziandikwe kwa mafungu: fremu, kioo na unene wake, bawaba na rola na daraja lake, kazi ya kufunga, na kama VAT ya asilimia 16 imo au haimo. Bila hivyo unalinganisha papai na nazi. Na usimalize malipo kabla ya jaribio la ndoo: funga mlango, mwaga maji nje juu ya fremu, jaza reli, angalia yanatokea wapi. Dakika kumi.

Sasa, kwa hali yako

Uko ufuoni Nyali, Shanzu au Bamburi, na mlango unatazama kusi bila paa la maana: jenga paa kwanza. Ukishindwa, mlango wowote unaofunga kwa kubanana dhidi ya fremu ni afadhali kuliko wa kuteleza wa kawaida, na wa kukunja uwe na kizingiti kilichoinuka.

Uko ghorofani, au nyumba ni ya kupangisha: wa kuteleza. Mpangaji hatasafisha reli ya mtu.

Nyumba yako iko Tudor au Mikindani, mbali na mawimbi, una baraza pana na jamaa wengi: wa kukunja wa alumini utakufurahisha. Chumvi bado ipo, lakini utapata nafasi ya kupumua.

Hutaki kiyoyozi, au umeme wa kwenu ni wa kubahatisha: mbao zenye luva, hata ukiishia na paneli mbili za kawaida za kufungua kama kabati badala ya nne za kukunja.

Una mzee wa mkongojo au wa kiti cha magurudumu nyumbani: kizingiti kilicholala, kwa mlango wowote, na mfereji wenye wavu wa chuma nje yake wa kumeza maji.

Binamu yangu wa Mtwapa, kwa kuwa bado anajenga: linta nene, wa kukunja wa kuning'inia, tatu kwa moja, ufungue nje. Pesa ikipungua katikati, paneli tatu za kuteleza zinaingia pengo lilelile bila kubomoa kitu.

Na kama tayari una mlango wa barazani na unalia, usiite mtu wa kukuuzia mpya wiki hii. Chukua mswaki wa zamani, bisibisi bapa na ndoo ya maji ya mfereji, ukatafute matundu ya kutolea maji.